Kufuatilia Kemia ya Ubongo Baada ya Kiharusi Kikubwa

Ateri ya kati ya ubongo inapozibwa na damu iliyoganda, sehemu iliyokosa damu huvimba, na uvimbe huo mara nyingi hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tano. Katika baadhi ya vyumba vya wagonjwa mahututi, dalili zake hutafutwa mapema kwa mikrodayalisisi: katheta (mrija) nyembamba yenye utando huingizwa katika ubongo, maji maalumu hupitishwa ndani yake kwa kasi ya maikrolita 0.3 kwa dakika, nayo hurudi yakiwa yamebeba kemikali zilizopenya utando huo.

Kabla ya kusoma namba yoyote, thibitisha kwa picha ya CT (eksirei ya kompyuta) mahali ilipo ncha ya katheta. Ikiwa imo katika tishu iliyokwisha kufa, vipimo vitakuwa vibaya tangu mwanzo na havitabashiri lolote. Inayofaa kuchunguzwa ni tishu ya kandokando, ambayo ingali hai lakini imo hatarini. Sampuli ya saa ya kwanza imwagwe, kwa kuwa jeraha la kuingiza katheta huivuruga. Baada ya hapo, kichupa kinachokusanya maji hayo kibadilishwe kila saa.

Kipimo cha kutegemewa zaidi ni uwiano wa lakteti kwa piruveti, kemikali mbili zinazotokana na seli kuvunja sukari. Seli iliyokosa oksijeni hushindwa kuichoma piruveti, badala yake huigeuza kuwa lakteti, hivyo uwiano hupanda: ukizidi 25 ongeza uangalizi, na ukizidi 40 chukulia kuwa kuna hatari kubwa. Uwiano ukipanda huku glukosi (sukari) ya ubongo ikishuka, shuku upungufu wa damu, ila pima kwanza sukari ya mwilini, maana insulini inayotiririshwa kwa kasi mno nayo huishusha glukosi ya ubongo. Gliseroli, kemikali iliyomo katika kuta za seli, ikifuata kupanda, kuta za seli zinavunjika. Tazama mwelekeo wa saa kadhaa. Namba moja pekee hudanganya.

Mwelekeo ukiwa mbaya, daktari wa upasuaji wa ubongo aitwe mara moja. Uchambuzi wa pamoja wa majaribio matatu ya Ulaya, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wasiozidi miaka 60, kuondoa kipande cha fuvu, ili ubongo uliovimba upate nafasi, ndani ya saa 48 tangu kiharusi kuanza kulipandisha idadi ya walioishi mwaka mmoja kutoka asilimia 29 hadi 78.

Katheta huona milimita chache tu za ubongo. Mgonjwa akizidi kusinzia, au mboni moja ikipanuka, apelekwe CT bila kusubiri kichupa kinachofuata, hata kama kilichotangulia kilikuwa kizuri.