Mzazi mstaafu akinyimwa nyongeza ya muda ughaibuni: tuliyojifunza kutoka Mtwara

Simu ilinikuta Mikindani saa tano usiku. Mdogo wangu yuko Canada, kwao ilikuwa saa tisa mchana. "Dada, mama wamemkatalia." Mama yetu ni muuguzi mstaafu. Alikwenda kumwona mjukuu, akapewa miezi sita mpakani kama wageni wengi wanavyopewa, na kabla haijaisha tukaomba nyongeza. Jibu lilikuja Novemba, nalo lilikuwa la kukataa.

Siku nane nzima tulibishana kuhusu sababu. Je, ni salio la benki? Ni barua ya mwaliko? Kuna mtu kazini kwao aliyesema neno? Siku nane hizo ningezitaka leo, kwa sababu mzazi akikataliwa kinachomdhuru zaidi ni kalenda. Kwa hiyo kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote, chukua barua na uandike tarehe tatu kwenye karatasi moja: siku muda wake wa awali ulipoisha, siku mlipowasilisha maombi, na tarehe iliyo kwenye barua ya kukataliwa. Karibu kila mlango uliobaki wazi unapimwa kwa tarehe hizo.

Nianze na Canada, maana ndiko tulikopita. Ukiomba nyongeza kabla muda haujaisha, unaendelea kuwa mkaazi halali mpaka jibu litoke. Jibu likiwa hapana, uhalali huo unakatika, na kuanzia hapo una siku 90 za kuomba urejeshewe hadhi ya mgeni. Wengi husikia "siku 90" wakadhani ni ruhusa ya kukaa. Ni muda wa kuomba tu, unalipiwa ada, na hakuna ahadi ya kukubaliwa. Ukiomba tena kwa karatasi zilezile zilizokataliwa, tegemea jibu lilelile. Njia nyingine ni Mahakama ya Shirikisho, ambapo kwa uamuzi uliotolewa ukiwa ndani ya Canada una siku 15 tu za kuwasilisha maombi. Mahakama haimpi mama muda wa kukaa. Inachoangalia ni kama afisa aliamua kwa haki, na ikiona hakufanya hivyo, faili linarudi kwa afisa mwingine. Kwa mzazi aliyekwenda kutembea, mimi naona hiyo ni gharama kubwa kwa faida ndogo.

Njia iliyotufaa sisi ilikuwa ya kurudi nyumbani na kuomba viza nyingine kabisa. Canada ina viza maalumu ya wazazi na mabibi na mababu, inayojulikana kama Super Visa. Kila anapoingia, mzazi anaweza kupewa hadi miaka mitano bila kuomba nyongeza, na viza yenyewe inaweza kutumika kuingia na kutoka kwa hadi miaka 10. Masharti yake ni mazito lakini yako wazi: mtoto awe raia au mkaazi wa kudumu, athibitishe kipato kinachofikia kiwango kilichowekwa kulingana na ukubwa wa familia, mzazi apimwe afya, na awe na bima ya matibabu isiyopungua dola 100,000 za Canada kwa mwaka mmoja. Na sharti ambalo hatukulijua: lazima mzazi awe nje ya Canada anapoomba. Tulikuwa tukihangaika kumbakiza mahali ambapo hawezi kuombea viza inayomfaa. Laiti tungelijua tangu mwanzo, tusingeomba hata ile nyongeza.

Uingereza ni habari nyingine. Huko mgeni wa matembezi kwa kawaida hapati zaidi ya miezi sita, na nyongeza hutolewa kwa sababu chache, kubwa ikiwa matibabu. Kanuni zao zinakataza mtu kuifanya nchi kuwa makazi yake kwa kurudirudi na viza za matembezi, kwa hiyo mama anayekaa miezi sita, anarudi Lindi mwezi mmoja, kisha anaondoka tena, ataulizwa. Barua ya kukataliwa ndiyo inayosema kama una haki ya rufaa na ndani ya siku ngapi. Isomwe yote mpaka ukurasa wa mwisho. Pale madai ya haki za binadamu yanapokataliwa, rufaa kwa mtu aliye ndani ya nchi ina siku 14. Mzazi akiondoka kwa nauli yake ndani ya siku 30 tangu uhalali wake uishe, kuchelewa huko kwa kawaida hakumletei marufuku ya kurudi. Akivuka hapo na bado akaondoka mwenyewe kwa gharama yake, anaweza kuzuiwa miezi 12. Akiondolewa kwa nguvu, inaweza kuwa miaka 10.

Ndugu wengi wa Uingereza huniuliza kuhusu viza ya mstaafu. Ilikuwepo ya wastaafu wenye kipato chao, ikafungwa kwa waombaji wapya Novemba 2008. Iliyobaki ni ya mzazi tegemezi, na tangu 2012 imebanwa mno: lazima mzazi awe anahitaji kuhudumiwa katika mambo ya kila siku kama kuoga, kuvaa na kupika, na ithibitike kwamba huduma hiyo haipatikani au haimudiki nchini kwake. Nayo huombwa akiwa nje ya Uingereza. Mzazi anayekwenda sokoni mwenyewe hawezi kuipata, na tumshukuru Mungu kwa hilo.

Marekani tarehe ya kuangalia ni ile iliyo kwenye I-94, yaani rekodi ya kuingia nchini, si ile iliyogongwa kwenye viza. Ombi la nyongeza ni fomu I-539. Likikataliwa hakuna rufaa ya kawaida. Kuna kuomba wafungue upya au wafikirie upya, ndani ya siku 30. Kwa aliyeomba mapema, siku za kukaa bila kibali huanza kuhesabiwa kesho yake baada ya kukataliwa. Zikifika zaidi ya 180 kisha akaondoka, anafungiwa kuingia tena kwa miaka 3. Zikifika mwaka mmoja, miaka 10. Lakini huko kuna mlango mwingine: mtoto aliye raia wa Marekani na ametimiza miaka 21 anaweza kumwombea mzazi ukaazi, na mzazi aliyeingia kihalali anaweza kuomba akiwa palepale, hata kama muda umeshapita. Hapo msikurupuke kukata tiketi. Tangu 1 Januari 2026 Marekani imesimamisha aina kadhaa za viza kwa Watanzania, ikiwemo ya matembezi, na kutoka kunaweza kumaanisha kutorudi kwa muda mrefu. Zungumzeni na wakili kabla mzazi hajafunga sanduku.

Na wakili awe wakili. Canada, mshauri anayelipwa lazima awe na leseni, na jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha ya wenye leseni. Uingereza, mshauri asiye mwanasheria lazima awe amesajiliwa na mamlaka ya ushauri wa uhamiaji. Yule kaka wa msikitini au wa kanisani "anayejua mambo ya makaratasi" anaweza kuwa na moyo mzuri kabisa, lakini akikosea tarehe atakayezuiwa mpakani ni mama.

Kuna ushauri mmoja unaotembea kila penye Watanzania wengi: mama ajilipue. Yaani aombe hifadhi, aseme anateswa kwao, apate muda. Nasema kwa uchungu, msimfanyie mzazi wenu hivyo. Hifadhi ni ya mtu aliyekimbia roho yake, na aliye na sababu ya kweli ana haki ya kuiomba. Lakini bibi wa miaka 67 anayefundishwa kusimulia uongo mbele ya afisa anaweza kukaa miaka akisubiri jibu, bila kuweza kurudi kuzika ndugu zake Newala, na maneno yake yatabaki kwenye faili hata siku atakapotaka viza ya kawaida.

Kukaa kimyakimya bila makaratasi nako ni mzigo unaoonekana mzee anapougua. Uingereza, mgeni anayetakiwa kulipia hospitali za umma hutozwa asilimia 150 ya gharama ya matibabu yenyewe, na deni la kuanzia pauni 500 linaweza kuwa sababu ya kunyimwa viza baadaye. Presha na sukari hazisubiri.

Katika siku zile nane hakuna aliyemuuliza mama. Tulimjadili kama mzigo ulioshikwa bandarini. Siku ya tisa nikampigia mwenyewe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Nikamuuliza anataka nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Korosho zishaanza kuokotwa, mimi nipo hapa natazama theluji." Alimpenda mjukuu, na alitaka kurudi. Mdogo wangu aliposikia alilia, kwa sababu alidhani kumrudisha mama ni kumtupa. Muulizeni mzazi mapema, tena muulizeni akiwa peke yake, maana mbele ya mkwe atajibu anachodhani kinatakiwa.

Sasa upande wa huku, ambao ni kazi ya aliyebaki nyumbani. La kwanza ni pensheni. Mstaafu anayelipwa na PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, lazima ajihakiki, na asipofanya hivyo malipo husimama. Siku hizi anaweza kujihakiki kwa simu janja kupitia PSSSF Kiganjani, kwa hiyo fanyeni hivyo kabla hajapanda ndege, msingoje mpaka akifika akute akaunti kavu. Ya mama ilikuwa imesimama, na tulihangaika wiki tatu kuifungua. La pili ni laini yake ya simu. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na pamoja nayo huenda ujumbe wa benki na pesa za mtandao. Muachieni ndugu mwaminifu aiwekee vocha na kuitumia.

La tatu ni majina, na hili liliniumiza kichwa kuliko yote. Viza ya mzazi inataka cheti cha kuzaliwa cha mtoto chenye jina la mzazi. Cheti cha mdogo wangu kilimwandika mama kwa jina la babu, pasi yake inamwandika kwa jina la baba yetu, na kitambulisho cha taifa cha NIDA kina jina la utotoni. Wazee wengi wa Tandahimba, Newala au Nachingwea hawakuwahi kuwa na cheti cha kuzaliwa kabisa. RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, husajili waliochelewa, na kwa majina yanayotofautiana utahitaji kiapo mbele ya wakili. Anza hayo wiki ileile mzazi anapokataliwa, hata kabla ya kujua kama ataomba tena. Na kama pasi yake imepotea au imeisha huko aliko, ubalozi wa Tanzania unaweza kumpa hati ya dharura ya kurudia nyumbani.

La nne ni dawa. Mwombeni daktari wa huko aandike barua fupi ya maradhi na dawa kwa jina lake halisi, si jina la kiwanda tu, maana katika hospitali ya Ligula hapa Mtwara au Sokoine ya Lindi, daktari atataka kujua kilichomo. Kwa yanayohitaji bingwa, Mtwara sasa tuna Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, na walio upande wa Masasi wana Ndanda. Kadi yake ya bima ya afya ya NHIF ya mstaafu iangaliwe kama bado inafanya kazi. Dawa za miezi miwili zisafiri kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa kwenye makasha yake.

Mama alipotoka Canada, siku zake 90 zilikuwa bado hazijafika nusu. Alitunza pasi ya kupandia ndege na muhuri wa kuingia Tanzania, na alipoomba Super Visa miezi mitano baadaye, hivyo ndivyo vilivyothibitisha kwamba aliambiwa aondoke akaondoka. Msivitupe.

Kuhusu safari yenyewe, asiunganishe siku hiyohiyo. Alale Dar es Salaam, kisha apande ndege ya Mtwara ikiwa uwezo upo, kwa sababu basi ni karibu kilomita 560 na miguu ya mzee aliyetoka kwenye ndege ya masaa mengi huvimba. Wakati wa masika muulize aliyeko huku hali ya barabara kabla ya kukata tiketi. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara maeneo ya Somanga na wasafiri wa Lindi na Mtwara wakakwama. Na mwambieni mjukuu ampigie bibi jioni ileile anapofika, akiwa bado hajalala.