Jinsi ya kujicheki tezi ya shingo mwenyewe nyumbani

Chukua kioo cha mkononi na glasi ya maji, kaa penye mwanga. Tezi ya thairoidi iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, ina umbo la kipepeo. Sasa inua kidevu, piga funda moja la maji, na wakati unameza angalia kwenye kioo hapo kati ya kikoromeo na mitulinga, uone kama kuna kitu kinatokeza au upande mmoja umezidi mwenzake. Rudia mara 2 au 3 maana mara ya kwanza wengi wanaangalia kikoromeo chenyewe wanapaniki bure, kile kupanda na kushuka ni kawaida yake.

Ukiona uvimbe nenda hospitali. Usipouona pia usijiachie sana, tezi inaweza kuwa saizi ya kawaida na bado kazi imeishinda: unachoka tu, unasikia baridi wenzako wako poa, choo kigumu, uzito unapanda. Hapo omba kipimo cha damu cha TSH. Hii ni homoni inayotoka pituitari, katezi kadogo kama punje ya njegere chini ya ubongo, kazi yake kuisukuma thairoidi, kwa hiyo mara nyingi TSH ikiwa juu ujue thairoidi ni mvivu na bosi anapiga kelele, ikiwa chini sana basi imezidisha spidi, moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka.

Na chumvi nunua yenye madini joto (ayodini), maana thairoidi inayahitaji kufanya kazi yake.