Nane Nane Morogoro kwa anayetoka Dar: siku, njia na miche

Sikukuu ya wakulima ni tarehe 8 Agosti, mahindi ya masika yakiwa yameshavunwa. Maonesho ya Kanda ya Mashariki hufanyika Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, kwenye viwanja vya Mwalimu Nyerere, Tungi.

Kama unataka kujifunza, usiende siku yenyewe. Kilele ni cha viongozi na hotuba, watu wamefurika, na mtaalamu hapati nafasi ya kuzungumza nawe. Tarehe 1 na 2 nazo mabanda mengine bado yanapigiliwa misumari. Chagua siku ya kazi kati ya tarehe 3 na 6.

Treni ya SGR hufika kwa saa mbili au pungufu. Kata tiketi siku kadhaa kabla, ubebe kitambulisho. Ukishuka, patana bei na dereva wa bajaji kabla hujapanda. Kwa basi la kutoka Mbezi, mwambie konda akushushe Nanenane. Ukinyamaza utapelekwa mpaka stendi ya Msamvu, kisha ulipe nauli ya kurudi nyuma.

Anzia kwenye vipando, yaani vishamba vya mfano, asubuhi, kabla ya jua na vumbi. Mabanda yatakungoja. Piga picha ya kibao cha jina kwanza, ya mmea baadaye, la sivyo utarudi na picha ishirini zisizo na majina. Uliza aina ya mbegu, siku ilipopandwa, nafasi kati ya mistari na mbolea iliyotumika. Swali linalosahaulika ni la maji: kipando kinamwagiliwa na kupaliliwa kila mara, kwa hiyo hindi nono la pale halitatoka hivyo kwenye shamba lako la Chanika linalotegemea mvua. Muulize afisa ugani wazi: kwa mvua tu, mbegu hii inazaaje?

Mbegu nunua kwenye pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ya kuchotwa kwenye gunia iache. Viungo vya Uluguru ni vizuri mno. Chagua hiliki ambayo maganda yake yamefumba, kwani iliyopasuka harufu imeshapotea.

Miche ndiyo inayopoteza fedha za watu wengi. Inunue mwisho, saa ya kuondoka. Kwa mche wa kubebesha, yaani kikonyo cha aina moja kilichounganishwa juu ya shina la mche mwingine, tazama kovu la muungo: liwe limeshikana vizuri, na majani yote yawe yametoka juu yake. Chipukizi la chini ya muungo ni la shina la chini lililobebeshwa, litakupa tunda lisilo lako. Inua kiriba, mfuko wa plastiki wenye mche: mizizi minene iliyotoboa chini na kuzama ardhini itakatika unapoondoa mche, nao utanyauka njiani. Parachichi la Hass hupenda baridi ya milimani, joto la Dar halilifai. Chukua embe au ndimu.

Usiumwagie mche maji mengi kabla ya safari, udongo utamong'onyoka na kuacha mizizi wazi. Ulowanishe kidogo tu, kisha uuweke wima kwenye boksi. Nyumbani uweke kivulini wiki mbili. Chimba shimo la sentimita 60 kwa 60, kina 60, uchanganye udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Kovu la muungo libaki juu ya udongo. Vuli bado iko mbali, kwa hiyo mwagilia mwenyewe, ila maji ya kisima chenye chumvi yataunguza ncha za majani.