Nyumba Yako Imekadiriwa Kodi Kubwa Kuliko Inavyostahili? Pinga Hivi

Katika kazi yangu ya uthamini nimeona pingamizi nyingi zikianguka kwa sababu mwenye nyumba alisema tu, "Kodi hii siimudu." Maneno hayo ni ya kweli na yanauma, lakini wanaosikiliza hawapangi kiwango cha kodi. Wanachoweza kurekebisha ni thamani ya nyumba iliyoandikwa, ambayo ndiyo msingi wa kodi. Basi pinga thamani.

Hatua ya 1. Soma ilani ya uthamini uliyotumiwa, utafute tarehe mbili. Moja ni siku ya mwisho ya kuwasilisha pingamizi. Nyingine ni tarehe ya uthamini, yaani siku ambayo thamani ya nyumba inahesabiwa kwayo: paa likiezuliwa na upepo baada ya siku hiyo, kwa kawaida halihesabiwi mwaka huu.

Hatua ya 2. Omba kumbukumbu za nyumba yako katika ofisi ya uthamini. Hapa usiharakishe. Nyumba nyingi huthaminiwa kwa pamoja, kwa fomula, mara nyingi bila mtu kuingia ndani, kwa hiyo kosa dogo la karani hugeuka kodi. Chukua futi kamba upime. Nyumba ya mita 9 kwa 12 ina mita za mraba 108. 12 ikiandikwa 21, unatozwa kwa 189! Uliza kwanza kama wao hupimia nje ya kuta, maana ukipimia ndani utaona kosa ambalo halipo. Kagua pia idadi ya vyumba na bafu, mwaka wa ujenzi, banda ulilokwisha kubomoa, na msamaha wowote unaostahili kisheria.

Hatua ya 3. Tafuta nyumba 3 hadi 5 zinazofanana na yako, zilizouzwa karibu na tarehe ya uthamini. Tumia bei zilizolipwa. Bei za matangazo hazina uzito.

Hatua ya 4. Piga picha za nyufa na unyevu, uambatanishe makadirio ya fundi kwa maandishi.

Hatua ya 5. Mwone mthamini wao kabla ya kukata rufaa. Makosa ya vipimo mara nyingi huishia hapo mezani. Akikubali, dai barua. Akikataa, wasilisha pingamizi ukitaja thamani unayoiona sahihi, na uendelee kulipa kodi kama sheria inavyotaka ili adhabu isikukute.

Kabla ya kusaini, uliza kama bodi ya rufaa inaweza pia kupandisha thamani. Kwingine inaweza, na kama kumbukumbu zao zimekisahau chumba ulichoongeza, piga hesabu upya kwanza.