Ukienda kusaidia darasani, kaa na watoto wa dawati la nyuma

Nilifanya kazi mapokezi ya hoteli hapa Malindi hadi nikastaafu. Sasa asubuhi za Jumanne na Alhamisi niko Gredi ya 2, shule moja ya serikali nje kidogo ya mji, njia ya Ganda. Wenzangu waliostaafu huniuliza wafanyeje nao waingie, basi nawaandikia hapa.

Kwanza, huendi kufundisha. Mwalimu yupo na darasa ni lake. Shida yake ni kwamba watoto ni wengi, yeye ni mmoja, na kipindi cha Gredi ya 1 hadi ya 3 ni dakika 30 tu. Akishaita majina na kutuliza kelele, hana nafasi ya kumsikiliza kila mtoto akisoma. Kazi yako ni hiyo ya kusikiliza.

Ukitaka kumwona mwalimu mkuu, nenda wakati wa mapumziko ya asubuhi, tena si Jumatatu, kwa sababu kuna gwaride na wazazi wa kila shida wamejipanga mlangoni. Jieleze kwa maneno machache: siku gani unaweza, saa ngapi, hadi muhula gani. Beba kitambulisho, na cheti cha tabia njema cha polisi, kile tunachokiita good conduct. Unakiomba kupitia eCitizen, kisha unakwenda kupigwa alama za vidole. Hata shule isipokuitisha, kuwa nacho. Unaingia kwenye watoto wa watu. Ukishakubaliwa, chagua siku utakazoweza kuzishika. Anayekuja kila Alhamisi ni bora kuliko anayekuja wiki nzima kisha asionekane tena.

Sasa kusoma, maana hapa ndipo utakapofaa zaidi. Muombe mwalimu watatu au wanne walio nyuma, ukae nao chini ya mwarobaini au barazani, mahali ambapo mwalimu anawaona nyote. Usimchukue mtoto peke yake chumba cha kando, hata kwa nia njema.

Mtoto asiyejua kusoma ni hodari wa kuficha. Kuna mmoja kwetu, akifungua ukurasa wenye picha ya mbuzi anakusomea sentensi nzima bila kukwama. Funika picha kwa kiganja uone: macho yanaacha kitabu, yanahamia midomoni mwako, anasubiri uanze ili amalizie. Amekariri kwa kuwasikia wenziwe. Kumjua wa namna hii, muulize neno la mwisho kwanza, kisha la katikati.

Ukishamjua, usimrudishe kwenye kitabu. Kata boksi la biskuti vipande vidogo, uandike silabi kwa kalamu nzito. Kwa *ka* na *ta* pekee anapata *kata*, akigeuza anapata *taka*. Mwache ageuze mwenyewe. Akishaliona hilo, kengele italia na bado ameng'ang'ania vipande. Ongeza *ma*, *na*, *pa*, na *mbu*, *ndo*, *ng'o* ziwe za mwisho kabisa, kwa sababu hapo ndipo wengi hukwama. Mtoto wa Kigiriama akikuambia *madzi* mahali palipoandikwa *maji*, ameelewa alichosoma. Msomee tena kwa sauti, muendelee. Ukicheka, au ukiwaacha wenziwe wacheke, wiki nzima hatafungua mdomo.

Hesabu si ngumu hivyo: vifuniko vya soda mfuko mmoja, omba vibandani, uvioshe. Kumi kumi kwenye mafungu, basi.

Kuhusu kiboko. Kumchapa mtoto shuleni kulipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na Katiba ya 2010 ikatilia mkazo. Bado utasikia mzazi akisema "mchape tu, mwalimu." Wewe usichape, usifinye, usivute sikio. Wakizidi kelele, nyamaza na uinue mkono, au uanzishe wimbo wa makofi. Ukimwona mtu mzima akimpiga mtoto, zungumza na mwalimu mkuu faraghani, si mbele ya darasa.

Peremende waachie watalii. Nimeona gari likisimama uwanjani, pipi zikarushwa, wadogo wakakanyagwa, na picha zikapigwa. Ukiwa na penseli, mpe mwalimu aziweke kabatini. Ukimpa mtoto mmoja mkononi, unamtafutia ugomvi njiani. Picha usipige bila idhini ya shule na ya mzazi.

Mtoto akilala juu ya daftari saa nne asubuhi, usimkemee. Muulize polepole kama amekunywa chai kwao. Mara nyingi jibu ni kutikisa kichwa. Mwambie mwalimu, kwa sababu yeye ndiye ajuaye nyumba ile na namna ya kuzungumza na mzazi bila kumwaibisha.

Weka kijidaftari: jina la kwanza, silabi anazozijua, alipokwama leo. Kisome kabla hujaingia tena, na kikae shuleni, si nyumbani kwako. Siku utakayoamua kuacha, waambie watoto mapema, wiki mbili tatu kabla, na umkabidhi mwalimu kijidaftari hicho, ili anayekuja baada yako asianze tena na *ka* kwa mtoto aliyekwishafika *mbu*.