Namna ya Kusoma Habari za Jiji la Nairobi Gazetini

Anza kwa kuuliza ni nani aliyenukuliwa. Iwapo habari ya bomoabomoa imesimuliwa na afisa wa kaunti na kamanda wa polisi peke yao, basi umesoma upande wa waliobomoa, hata kama picha inamwonyesha mama ameketi juu ya godoro kando ya mabati yake. Tafuta aya anayozungumza mkazi. Mara nyingi iko chini kabisa, na huko ndiko mhariri hukata nafasi inapombana.

Kisha utenganishe tukio na chanzo chake. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliifikisha mitaa ya Mathare na Mukuru kwenye kurasa za mbele, na serikali ikawaamuru waliokuwa ndani ya mita 30 kutoka kingo za mito wahame. Maji yalipopungua, habari nazo zilipungua, ilhali swali la mitaro iliyoziba na la walikoenda waliohamishwa lilistahili kurasa zile zile. Hili linaniuma, kwa sababu mtaa unaoandikwa siku ya maafa na ya ujambazi tu huchafuka jina, na kijana wa huko husita kuandika anwani yake kwenye barua ya kuomba kazi.

Kwa hiyo, kata kila habari yenye ahadi, ibandike katika daftari, na uandike pembeni tarehe na jina la wadi. Nairobi ina wadi 85. Habari inayotaja "Eastlands" bila zaidi, yaani eneo la mashariki mwa jiji lenye wadi nyingi, haijakuonyesha diwani wa kuulizwa. Niliwahi kupeleka kipande cha namna hiyo, kuhusu taa za barabarani, kwenye kikao cha maoni ya bajeti, na afisa aliyekipokea alikisoma mara mbili kabla ya kujibu.

Ahadi isipotimizwa, iandikie ofisi husika chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa siku 21 za kujibu. Gazeti lenyewe likikosea kuhusu mtaa wako, Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki ya kudai habari ya uongo au ya kupotosha inayokuathiri irekebishwe. Mwandikie mhariri barua fupi, utaje tarehe, ukurasa na sentensi yenye kosa, kisha uambatishe picha ya mahali panapozungumziwa.