Kuizunguka Ras Kigomasha kwa miguu na kuyaparamia majabali yake

Pemba haina mlima, lakini mwenye hamu ya kukwea ana pa kwenda. Unaanzia lango la Msitu wa Ngezi, unateremkia pwani ya Vumawimbi, unayazunguka majabali ya Ras Kigomasha hadi kwenye mnara wa taa, kisha unarudi kwa upande wa Verani mpaka langoni tena. Mimi hunichukua kama saa saba pamoja na mapumziko. Ugumu wake ni maji, basi tuanzie hapo.

Hatua ya 1: Chagua siku kwa mwezi

Tazama tarehe ya Kiislamu. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa hiyo nenda tarehe 1 hadi 3 au 15 hadi 17. Siku hizo tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 4 hivi, na maji huwa makavu kabisa, yaani yamekupwa hadi mwisho, kuanzia kama saa nne hadi saa tano na nusu asubuhi, yakichelewa takriban dakika 50 kila siku. Siku za maji mafu usiende kabisa, bahari haishuki kiasi cha kukuachia njia chini ya jabali.

Hesabu hii ishike kichwani. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Yakishakuwa makavu, saa mbili za mwanzo hupanda robo tu ya kimo chote, yaani mita 1. Saa ya tatu pekee hupanda mita nyingine, na ya nne vivyo hivyo. Safari yangu ya pili nilidanganyika na ule utulivu wa mwanzo. Niliingia majabalini nimechelewa, maji yakiwa magotini, na kabla sijafika nusu yalikuwa kiunoni. Wimbi moja likanibandika kwenye chaza, kiganja kikachanika. Nilitoka kwa kupanda juu kwa magoti hadi kichakani, na kovu ninalo mpaka leo.

Hatua ya 2: Mzigo

Raba zenye soli ngumu, si ndara. Suruali ndefu, glavu za kazi za kitambaa kizito, kofia. Maji lita 3 kwa mtu, maana njiani usitegemee kupata. Tende na mkate wa kumimina vinatosha. Sabuni kipande na bendeji. Mikono yote miwili iwe huru, kwa hiyo beba begi la mgongoni.

Hatua ya 3: Ngezi hadi Vumawimbi

Zungumza na walinzi wa lango siku moja kabla, ulipe kinachotakiwa, uwaambie njia utakayopita. Ondoka mara baada ya sala ya alfajiri. Chini ya mivule kunakuwa bado na giza na ubaridi, usikimbie. Ukitokea Vumawimbi geuka kushoto, bahari iwe kuliani kwako, utembee kwenye mchanga mgumu uliolowa. Wakati wa kusi upepo unakusukuma mgongoni, ndiyo maana napendelea kuanzia upande huu. Kaskazi ikivuma kwa nguvu mawimbi hupiga moja kwa moja, na hapo mimi huahirisha.

Hatua ya 4: Majabali

Fika dakika tisini kabla ya maji kuwa makavu. Ukiwakuta akina mama wanachokoa pweza mwambani, wasalimie na uwaulize hali ya maji. Wao ndio saa yangu: wakianza kufunga vitu vyao kurudi, na mimi natoka.

Simama kwanza uutazame mwamba. Juu ni wa kijivu, mkavu, wenye meno kama mbuzi ya kukunia nazi. Unakwaruza, lakini unashika soli vizuri, kwa hiyo kanyaga huo. Chini yake kuna mkanda wa chaza, ambao hukata kama wembe: usiuguse kwa mkono mtupu. Chini zaidi kuna ukijani, nao huteleza hata ukiwa unaonekana mkavu.

Sogeza kiungo kimoja tu kwa wakati, vitatu vibaki vimeshika. Gonga jiwe kwa ngumi kabla ya kuliamini, likitoa sauti ya uwazi, liache. Na usisimame kwenye mdomo wa jabali: bahari imekula chini, unachokikanyaga ni kama paa lisilo na nguzo. Penye ufa mpana, rudi nyuma utafute pa kushukia. Usiruke.

Ukiona umechelewa, usiingie. Iko njia ya juu, kupitia mashambani, inayofika mnarani.

Hatua ya 5: Mnara na kurudi

Mnara ni wa chuma. Muombe mlinzi ruhusa kabla ya kupanda. Kaa kivulini ule. Osha kila mkwaruzo kwa sabuni na maji safi, utoe chembe zote, kwani jeraha la mwamba huu wa matumbawe huoza upesi.

Pwani ya Verani ni rahisi hadi kama saa nane mchana. Baada ya hapo ukanda wa mchanga huwa mwembamba, shika njia ya gari hadi Ngezi. Ukichelewa ukapitia msituni jua likizama, tazama juu: yule popo mkubwa asiyepatikana popote ila Pemba huanza kutoka wakati huo. Langoni usipite kimya. Waambie walinzi kwamba umerudi, maana wanaweza kuanza kukutafuta gizani.